Kutafuta gari la tabo lenye nafasi ya kiti cha mtoto

Kimya kimekuwa kirefu, na sababu ni mbili: tumepata binti, na nimeuza gari langu. Leo nataka kuandika kuhusu hilo la pili, ingawa mtaona upesi kwamba haliwezi kutenganishwa na la kwanza. Waliozoea kuja hapa kusoma habari za hifadhidata na seva wanivumilie kidogo. Hesabu zipo, na kuna hata kifaa cha Bluetooth, kwa hiyo hatutatoka nje ya mada kabisa.

Gari lililouzwa lilikuwa Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, gia za mkono, rangi ya buluu (rangi gani tena?). Nililinunua nikiwa na miaka 24 kwa pesa za kazi yangu ya kwanza kubwa. Sikulinunua kwa akili. Mimi ni mzaliwa wa Taita, na zamani njia ya Safari Rally ilipita huko kwetu. Marehemu baba alikuwa akisimulia vumbi lile kama wengine wanavyosimulia harusi yao. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari katika nafasi ya nne akiwa na Impreza. Mwaka 1997, mwaka niliozaliwa mimi, Colin McRae akaishinda Safari kwa Impreza. Mtoto aliyelelewa na hadithi hizo ungemtarajia anunue Vitz?

Sasa nije kwenye tukio lenyewe.

Mwaka jana tulikuwa tunaenda Wundanyi kumwona Mama. Mke wangu alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Mnajua Barabara ya Mombasa ilivyo: malori yamepangana kama siafu, njia moja kwenda na moja kurudi. Karibu na Kibwezi nikakuta malori matatu yamefuatana. Nikashusha gia hadi ya tatu, tabo ikaamka, nikatoka. Nikapita la kwanza, nikapita la pili, halafu nikaona basi linakuja mbele yangu likiwasha taa. Nilikuwa na nafasi ya kurudi kati ya la pili na la tatu. Sikurudi. Nilikanyaga, nikalipita la tatu, nikaingia. Basi likapita na honi ndefu iliyonifuata masikioni mpaka leo.

Mke wangu hakusema neno. Kutoka Kibwezi hadi Mtito Andei ni mwendo wa kutosha kwa mtu kujua kwamba amenyamaziwa. Tulipokaa kunywa chai ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida tu: "Gari lako halina kosa. Ila mimi sitaki kuwa abiria kwenye mchezo ambao sikuomba kuucheza."

Mimi ni mtu wa kompyuta. Mtu wa kompyuta akikosolewa hufungua Excel.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu ili nimwonyeshe kwamba gari lenye nguvu ni usalama. Nawaletea hapa kwa sababu ni hesabu nzuri. Tuseme gari lina uzito wa kilo 1,900 pamoja na watu na mizigo. Uko nyuma ya lori kwa kilomita 60 kwa saa, unataka kufika 100. Nishati inayohitajika kuongeza mwendo huo ni takriban kilojuli 470. Kama magurudumu yanapokea wastani wa kilowati 60, hiyo ni karibu sekunde 8. Yakipokea kilowati 120, ni sekunde 4. (Nimeacha upepo na mlima, ambavyo vyote humwumiza zaidi mwenye injini ndogo.) Sasa basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ulizookoa ni karibu mita 90 za barabara iliyobaki wazi kati yako na hilo basi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hapa kwetu hulisahau. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imepungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo ukipanda Limuru inakuwa imeacha sehemu ya nguvu zake kule pwani. Tabo husukuma hewa ndani kwa lazima na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa mtu anayeishi nyanda za juu, tabo ina sababu ya kisayansi.

Nikamwonyesha mke wangu hesabu hiyo. Akaisoma yote, maana yeye ni mhasibu na hesabu hazimtishi. Kisha akauliza: "Ungekuwa na Vitz siku ile, ungeyapita yale malori matatu?"

Nikasema la, ningengoja.

"Basi," akasema, akanirudishia kompyuta.

Nimeandika programu kwa miaka saba na sijawahi kukaguliwa kazi yangu kwa neno fupi kama hilo. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ndani yake ni mimi. Zile mita 90 ambazo gari lilinipa sikuziweka akiba, nilizitumia zote kuchukua nafasi ndogo zaidi. Mwenye gari la polepole hufikiri kabla ya kutoka. Mimi nilitoka kwanza.

Hata hivyo hakuniambia ninunue Vitz, na hapo ndipo nataka vijana wenzangu wasikilize vizuri. Alisema: "Tafuta gari unalolipenda, lakini sote watatu tuwe ndani ya hesabu." Basi nikatengeneza jedwali. Vigezo sita, kila kimoja na uzito wake: nguvu, nafasi ya kiti cha mtoto, buti, urefu kutoka chini, gharama ya kulitunza, na raha ya kuliendesha. Nikayaweka magari sita. Jedwali likasema Impreza WRX STI. Nilifurahi siku nzima, mpaka nilipogundua nimeipa "raha" uzito wa asilimia 40. Nikaishusha hadi 20, likasema Levorg. Nikapandisha buti kidogo, nikashusha urefu kutoka chini kidogo, STI ikarudi kileleni. Ndugu zangu, hiyo si tathmini. Huko ni kuandika jibu kwanza na kulitafutia swali. Nikamwomba mke wangu aweke uzito yeye, bila kuona magari. Ndipo kazi ikaanza.

Haya ndiyo magari yaliyokuwa kwenye jedwali, na niliyojifunza kuhusu kila moja.

1. Subaru WRX STI (umbo la VAB, 2014 hadi 2019). Nguvu farasi 308, gia sita za mkono. Nililiendesha la rafiki kwa dakika kumi na moyo ulienda mbio siku mbili. Lakini ni gumu mgongoni, na kumwinamia mtoto umfunge mikanda huku mlango ukikusonga kiunoni ni mazoezi ya jeshi.

2. Subaru Legacy GT ya wagon (BP5, 2003 hadi 2009). Nguvu farasi 260 hadi 280 kutegemea toleo. Kwangu hili ndilo gari zuri kuliko yote yaliyowahi kubeba nepi. Tatizo ni umri. Sheria yetu ya kuingiza magari inakataa yanayozidi miaka 8, kwa hiyo BP5 zilizoko Kenya ni zilezile, zimezunguka mikono mingi. Injini yake ya EJ20 hutumia mshipi wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na mwenye gari wa tatu mara nyingi hajui kama wa pili aliubadilisha.

3. Subaru Levorg 2.0. Nguvu farasi 300, buti la lita 522. Kwenye karatasi ndilo mshindi. Lakini liko chini, kama sentimita 13 na nusu tu kutoka ardhini. Mtaani kwetu kuna tuta ambalo nadhani lilijengwa na mtu mwenye chuki binafsi na magari. Tukalijaribu. Tumbo la gari likapiga kelele ambayo muuzaji alijifanya hakuisikia.

4. Volkswagen Golf GTI (kizazi cha saba). Nguvu farasi 220, na lina adabu kuliko yote. Ukiweka kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, hata hivyo, kiti cha mbele kinasogea mpaka mtu mrefu kama mimi anakula magoti. Buti ni lita 380; kigari cha mtoto kikiingia, sanduku la Mama linabaki nje.

5. Toyota Mark X ya lita 3.5. Nguvu farasi 318, magurudumu ya nyuma yanasukuma. Tulilitoa mapema kwa sababu ya mvua na matope ya Wundanyi. Na ukitaka kuliagiza, injini ya petroli inayozidi cc 3000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 badala ya 25.

6. Subaru Forester XT (SJG, 2012 hadi 2018). Nguvu farasi 280, urefu wa sentimita 22 kutoka chini, buti la lita 505. Nitalirudia.

Kuhusu kodi, kwa wanaofikiria kuagiza: tangu 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu ya jumla hiyo unapigwa ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini ya petroli kati ya cc 1500 na 3000. Juu ya hayo yote inakuja VAT ya asilimia 16. Zidisha 1.35 kwa 1.25 kwa 1.16 upate karibu 1.96. Yaani kwa thamani ya milioni moja unalipa kodi inayokaribia milioni nyingine, kabla ya ada ndogondogo. Na thamani hiyo si lazima iwe bei uliyolipa Japani: KRA huanza na bei ya gari likiwa jipya na kuipunguza kulingana na umri. Nimewaona watu wakifurahia bei ya mnada kisha wakaketi chini walipopata hesabu ya Mombasa.

Tuliamua kununua la humu nchini. Tulikuwa na milioni 2.3: laki nane za WRX, akiba yetu, na mkopo wa sacco ambao mke wangu ndiye aliyeuomba kwa sababu mimi sikuwa na hisa za kutosha. Kumbukeni hilo mnapofikiria nani ana haki ya kuchagua gari.

Wakati huo Mama alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Jumamosi moja tukazunguka yadi za Ngong Road sote: mimi na jedwali langu, mke wangu na kiti cha mtoto mkononi, Mama na goti lake linalouma. Muuzaji mmoja akaniuliza kama tumekuja kununua gari au kufungua kituo cha watoto. Lakini naapa, hakuna kipimo kilichonisaidia kama kile. Kila gari lilipita mitihani mitatu. Kwanza tunafunga kiti cha mtoto, kisha mimi nakaa mbele yake. Pili kigari cha mtoto na sanduku vinaingia butini bila kusukumwa na goti. Tatu, Mama anaingia na kutoka bila kushikwa mkono.

Kwenye STI, Mama aliketi na kusema, "Mwanangu, hapa nimeketi au nimelala?" Kwenye Forester milango ya nyuma hufunguka kwa upana, na kiti kiko usawa wa nyonga: hupandi, hushuki, unageuka tu na kukaa. Mama alikaa, akaweka mkoba wake mapajani, akafunga mkanda, akanyamaza. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Hii ni gari ya watu." Mhasibu akaandika.

Tahadhari sasa, maana hapa ndipo nilipokaribia kuumia. Forester XT ya kwanza tuliyoipata ilikuwa nyeupe, safi, bei nzuri kupita kiasi. Nilikuwa na kifaa cha ELM327, kile kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye tundu la OBD-II chini ya usukani, na programu kwenye simu. Hakuna msimbo hata mmoja wa hitilafu. Msomaji mvivu angeishia hapo. Lakini kompyuta ya gari huendesha majaribio yake yenyewe ya mfumo wa moshi, kihisi cha oksijeni na mengineyo, na huhifadhi kumbukumbu ya yaliyokamilika. Mtu akifuta misimbo ya hitilafu, kumbukumbu hiyo nayo hufutika, na majaribio huhitaji mwendo wa siku kadhaa kukamilika upya. Katika gari lile karibu yote yalikuwa hayajakamilika. Yaani kuna mtu alifuta misimbo asubuhi ileile. Nilipomuuliza muuzaji, ghafla akakumbuka kwamba kuna mteja mwingine amelipia arubuni.

Halafu angalieni matairi. Lile gari lilikuwa na matairi ya aina tatu tofauti, mawili mapya na mawili yaliyokwisha. Kwa gari la magurudumu yote manne hilo si jambo la sura tu. Matairi yenye mzingo tofauti huzunguka kwa kasi tofauti, na giaboksi hukaa ikipatanisha ugomvi huo kila mita mpaka ichoke. Aliyebana kwenye matairi alibana pia kwenye oili.

Tuliyoinunua ni ya mwaka 2014, rangi ya kijivu, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa na risiti za kila huduma kwenye bahasha. Majaribio yote ya kompyuta yalikuwa yamekamilika, matairi manne yalikuwa ndugu, na karatasi ya mnada wa Japani ilikubaliana na kilomita zilizoko. Injini yake ni FA20, hutumia mnyororo badala ya mshipi. Haina tundu la hewa juu ya boneti, kwa hiyo majirani wanadhani ni Forester ya kawaida. Hilo nimeamua kulipenda.

Nisiwafiche kasoro. Haina gia za mkono. Ina CVT, ambayo ukiiweka kwenye S# hujifanya ina gia nane, na inajifanya vizuri, lakini mkono wangu wa kushoto bado unatafuta. Inataka petroli nzuri na oili kila kilomita 5,000; injini za tabo hazisamehi oili chafu. Mjini inanipa kilomita 8 kwa lita, na kwa bei za mafuta za siku hizi hiyo ni sala, si takwimu. Siku ya kuiuza WRX, nilipomkabidhi kijana funguo na logbuku, nilitembea mpaka kituo cha matatu bila kugeuka nyuma. Sikulia. Kulikuwa na vumbi.

Kuna sharti moja ambalo halimo kwenye jedwali. Tumekubaliana kwamba barabarani abiria ana kura ya turufu. Akisema "ngoja", nangoja, hakuna mjadala wala hesabu. Pesa zilizobaki sikuziweka kwenye ekzosi wala kuongeza nguvu. Niliziweka kwenye breki na matairi. Farasi 280 wanatosha. Kilichokuwa pungufu Kibwezi hakikuwa farasi.

Mwezi uliopita tulimrudisha Mama nyumbani. Karibu na palepale tukakuta malori, safari hii manne. Barabara mbele ilionekana wazi, mguu wangu ulikuwa tayari. Kutoka kiti cha nyuma, alikokaa na mtoto, mke wangu akasema, "Ngoja, Baba Imani." Nikangoja. Nilifuata lori la simenti kwa kilomita nzima, nikivuta moshi wake, mpaka tukafika penye nafasi ya kweli. Ndipo nikakanyaga, tukapita yote manne kwa pumzi moja, na njia mbele yetu ilikuwa bado tupu kabisa. Nilielewa wakati huo kwamba sasa ndiyo nimezitumia zile mita 90 kwa kazi yake.

Mwatate mke wangu akaomba usukani. Mnaoijua barabara ya kupanda Wundanyi mnajua kona zile, moja inakukabidhi kwa nyingine, jabali upande huu na bonde upande ule. Nilikaa nyuma na binti yangu. Mama mtoto aliendesha vizuri kuniliko, bila haraka, akiingia kona taratibu na kutoka na nguvu, gari limetulia kama limeshikwa na mkono. Mtoto hakuamka. Tulipofika, Mama mkubwa akashuka bila kushikwa mkono, akatazama bonde, akasema baba yenu angeipenda.

Ushauri wangu basi, kwa vijana wenzangu mnaotafuta gari la raha na familia kwa pamoja: jedwali tengeneza, lakini uzito aweke mwingine. Nenda yadi na kiti cha mtoto na mzee mwenye goti bovu. Na kabla hujauliza gari lina farasi wangapi, jiulize utawatumia kufanya nini.

Haya, nimesema yangu. Mtoto ameamka. Tuonane.